Kupona au Kuishi? Kiswahili na Hatima ya Aliyepandikizwa Ini

Mijadala ya istilahi katika Kiswahili aghalabu hujikita kwenye nomino. Twagombania jina la kifaa, jina la ugonjwa, jina la kiungo. Tukishalipata, twatulia tukidhani kazi imekwisha. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba katika taaluma ya tiba, hususan katika suala la kupandikiza ini, nomino hazina matatizo makubwa. Tatizo liko kwenye vitenzi, na zaidi kwenye kitenzi kimoja ambacho sote hukitumia pasi na kukitafakari: kupona.

Nomino ya tiba yenyewe imekwisha kupatikana, tena kwa njia ya kupendeza. Mkulima wa Mwea hupandikiza mpunga kutoka kitaluni hadi shambani. Wanatiba walipohitaji neno la kutaja kitendo cha kuhamisha kiungo kutoka mwili mmoja hadi mwingine, walilichukua neno la mkulima kama lilivyo. Ni sitiari inayobeba mengi. Mche uliopandikizwa hauhesabiwi kuwa umeshika siku ile ile ulipotiwa ardhini. Mkulima huungojea, huupa maji, huuchungulia kila asubuhi, na hata ukishachipuza majani mapya bado anajua kuna wadudu, kuna kiangazi, kuna mafuriko.

Ajabu ni kwamba tukishalitumia neno hilo la shambani, mara twaliacha shamba na kuingia katika chumba cha mtihani. Twasema "upasuaji umefaulu". Twasema "matokeo ni mazuri". Mwanafunzi yeyote wa Kenya anajua matokeo ni kitu gani: ni jambo linalotangazwa siku moja, na likishatangazwa limetangazwa. Aliyefaulu amefaulu, akaandaliwa karamu. Kisha husemwa, na hapa ndipo penye hatari, kwamba mgonjwa "amepona".

Matokeo ya kupandikiza ini hayako hivyo, na historia ya hospitali za mafunzo zilizoianzisha tiba hii inalithibitisha jambo hilo wazi. Mnamo tarehe 1 Machi 1963, katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Marekani, daktari mpasuaji Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na kasoro ya mifereji ya nyongo. Alivuja damu hadi akafa angali juu ya meza ya upasuaji. Waliofuata mwaka huo hawakumaliza hata mwezi mmoja. Starzl akaisitisha kazi hiyo kwa miaka kadhaa, akarejea maabarani, na mwaka 1967 akampandikiza ini mtoto wa kike aliyekuwa na saratani ya ini. Mtoto huyo aliishi zaidi ya mwaka mzima. Ini jipya lilifanya kazi yake. Kilichomuua ni saratani ile ile ya awali, ambayo ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini. Je, upasuaji wake ulifaulu? Naam. Je, alipona? La, hasha. Na baina ya majibu hayo mawili kuna mwaka na zaidi wa uhai wa mtoto, ambao vitenzi vyetu hivi viwili havina la kuusemea.

Kwa muda mrefu baadaye hali ilikuwa ya kukatisha tamaa. Roy Calne alianza kazi hiyo katika Hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge, Uingereza, mwaka 1968, naye akakumbana na kizingiti kile kile: mwili hukitambua kiungo cha kigeni na kukishambulia. Kabla ya miaka ya 1980, takribani theluthi moja tu ya waliopandikizwa ini ndio waliouona mwisho wa mwaka wa kwanza. Kilicholigeuza jambo hili ni dawa. Siklosporini, ambayo Calne alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwapa wagonjwa mwaka 1978, ilisaidia kuifikisha idadi hiyo kwenye asilimia 70 hivi Starzl alipoitumia pamoja na dawa nyingine. Mwaka 1983, wataalamu walioitwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliamua kwamba upandikizaji wa ini haukuwa tena jaribio, ni tiba inayostahili kuenezwa. Mwaka 1989 takrolimusi ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mjini Pittsburgh, ambako Starzl alikuwa amehamia. Msomaji aniwie radhi nikichepuka kidogo: dawa hizi mbili zote zilitoka udongoni. Ya kwanza ilitokana na kuvu aliyepatikana katika udongo wa Norway, ya pili na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Sitiari ya mkulima, kumbe, ilikuwa na ukweli ambao haikuujua.

Sasa tufike kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo kiini cha mada. Mwaka 2000 madaktari wa Pittsburgh walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 4,000 waliopandikizwa ini kati ya Februari 1981 na Aprili 1998. Walikuwa wagonjwa wa mfululizo, yaani hakuna aliyerukwa kwa kuwa habari yake haipendezi. Asilimia 59 yao walikuwa hai hesabu ilipofungwa. Hata hivyo, makadirio ya watakaokuwa hai wakifikisha mwaka wa 18 baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 48. Mtu asiyekuwa makini ataziona takwimu hizi mbili kuwa zinapingana. Hazipingani. Katika wale 4,000 walikuwemo watu waliopasuliwa miaka miwili tu nyuma pamoja na wale wa mwaka 1981. Ukiwajumlisha wote na kuuliza ni wangapi wako hai, utapata jibu la kweli lakini lisilomfaa mgonjwa. Mgonjwa hataki kujua ni wangapi wako hai leo. Anataka kujua: mimi nikipandikizwa, nitafika wapi?

Ili kulijibu swali hilo, wanatakwimu hutumia mbinu iliyowekwa na Kaplan na Meier mwaka 1958. Kila mtu huhesabiwa kuanzia siku ya upasuaji wake hadi siku ya mwisho alipoonwa. Aliyefariki hujulikana siku yake. Aliyepotea, yaani asiyerudi kliniki wala kusikika, hahesabiwi kuwa amekufa wala kuwa yu hai. Huhesabiwa hadi pale alipoonwa mara ya mwisho, kisha huachwa. Kinachopatikana ni mstari unaoshuka. Katika mstari wa Pittsburgh mteremko ulikuwa mkali mwaka wa kwanza, kisha hatari ikatulia na kubaki karibu pale pale mwaka hata mwaka. Ilipungua, lakini haikukoma.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuzawadia kitu ambacho sijui kwa nini hatukitumii. Tunayo "angali". Angali hai. Wangali hai. Umbo hili hubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba hali ipo wakati huu wa kusema, na kwamba haikutarajiwa kuwa ni ya kudumu. Hakuna anayesema "mlima Kenya ungali mrefu". Twasema "angali mgonjwa", "angali mtoto", kwa kuwa twajua upande wa pili upo. Daktari wa Pittsburgh anayesoma jina katika daftari lake la mwaka 1985 na kuandika mbele yake kwamba mwenye jina yu hai, anachokisema hasa ni "angali". Wanasarufi watanikumbusha kwamba kuna kiambishi kingine kinachofanana nacho, kile cha masharti, kwa mfano "angalikuwa hai", na kwamba hivi viwili visichanganywe. Sivichanganyi. Naona tu kwamba katika daftari la hospitali watu wa makundi hayo mawili hukaa ukurasa mmoja.

Kitenzi "kupona" hakina uwezo huo. Kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba maana ya kitenzi hiki ni pana kuliko ninavyoisawiri, na kwamba tunaposema abiria "ameponea chupuchupu" hatumaanishi kuwa alikuwa mgonjwa. Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli kwamba kupona ni kuepukana na hatari pia, si kutokwa na ugonjwa tu. Lakini katika maana zote mbili kitenzi hiki kina kikomo: hatari imepita, ukurasa umefungwa, mtu anaendelea na safari yake. Aliyepona malaria hanywi tena dawa ya malaria. Aliyeponea chupuchupu ajalini hushuka, akapanda matatu nyingine. Aliyepandikizwa ini hana ruhusa hiyo. Kwa kawaida atameza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili maisha yake yote, kwa saa, asubuhi na jioni, akipimwa damu ili kujua kama kipimo cha dawa kimezidi au kimepungua. Kikipungua, mwili hulikumbuka ini kuwa ni mgeni. Kikizidi, maradhi mengine huukuta mlango wazi.

Naomba nilikalie jambo hili la mwisho, kwa sababu ndilo lisilosemwa karibu kamwe katika taarifa za Kiswahili. Wagonjwa wa Pittsburgh waliofariki miaka mingi baada ya upasuaji hawakuuawa hasa na kisu wala na mwili kulikataa ini. Sababu kubwa zilikuwa kurudi kwa ugonjwa wa awali, saratani, na maradhi yanayoandamana na umri. Virusi vya homa ya ini aina ya C, kwa mfano, havikukaa ndani ya ini bovu vikasubiri kutupwa nalo. Vilikuwemo damuni, navyo vililivamia ini jipya karibu kila mara. Mambo yalibadilika miaka ya 2010 zilipopatikana dawa za kuviangamiza virusi hivyo moja kwa moja. Fauka ya hayo, dawa zinazolilinda ini huziumiza figo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, ambao uliwafuatilia watu karibu 70,000 waliopandikizwa viungo visivyokuwa figo, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopandikizwa ini, asilimia 18 hivi walikuwa na figo zilizoharibika vibaya ifikapo mwaka wa 5. Mtu ameokolewa ini, akaanza safari ya figo. Nani alimwambia kuwa safari hiyo ipo? Na aliambiwa kwa lugha gani?

Maswali haya yanatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Mwenzetu anayehitaji ini jipya aghalabu husafiri hadi India. Kabla ya safari kuna harambee. Jamaa hukutana, kadi za mchango husambazwa, mwenyekiti wa kamati husimama na kusema: tumchangie ndugu yetu aende apone arudi. Ni maneno ya upendo na simlaumu anayeyasema. Ila maneno hayo yana hesabu ndani yake. Kamati iliyoambiwa "apone arudi" hukusanya nauli, ada ya hospitali na malazi ya anayemsindikiza, kisha huvunjwa. Dawa za mwaka wa pili hazimo katika bajeti kwa sababu hazimo katika kitenzi. Aliyepona anunue dawa za nini? Na mwenyewe akirudi na kuanza kuomba fedha za dawa na vipimo, huonekana kama mtu asiyetosheka, au mbaya zaidi, kama mtu ambaye upasuaji wake "haukufaulu" na ambaye fedha za watu zilipotea bure.

Sheria haiko kinyume na ninayoyasema. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sanjari na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya ampe mgonjwa maelezo kuhusu hali yake na tiba yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu utoaji na upandikizaji wa viungo. Lakini sheria haiwezi kumpa daktari maneno. Daktari wetu alisomea Kiingereza tangu darasa la kwanza la anatomia hadi siku ya kuhitimu. Akimgeukia mgonjwa kwa Kiswahili, hutumia kilichopo mdomoni mwa watu, na kilichopo ni "utapona". Pengine anajua fika kwamba si neno lenyewe. Hana lingine.

Na lingine lipo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumekwisha kuipita njia hii mara moja, tena kwa machungu. Katika miaka ya 1980 na 1990 lugha ya UKIMWI ilikuwa lugha ya maiti: mtu alikuwa "mwathiriwa", "ameumwa na mdudu", alikuwa akihesabiwa pamoja na waliokwenda. Dawa zilipoanza kupatikana katika hospitali za umma mnamo miaka ya 2000, usemi huo haukufaa tena, maana mtu yule yule aliyezikwa kwa maneno alikuwa akienda kazini kila asubuhi. Wala hakuna aliyethubutu kusema kwamba amepona. Ndipo likashika mizizi lile fungu la maneno ambalo leo kila mtangazaji analijua: "mtu anayeishi na virusi". Pamoja nalo likaja jingine, "dawa za kupunguza makali", ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa tafsiri bora zaidi zilizowahi kuzaliwa na Kiswahili cha Kenya. Halidai kwamba dawa inaponya. Halisemi kwamba dawa haina maana. Mgonjwa anayelisikia anaelewa bila kuhubiriwa kwamba akiacha kumeza, makali yatarudi.

Napendekeza basi kwamba tuseme "mtu anayeishi na ini la kupandikizwa". Atakayeona kuwa fungu hilo ni refu ajiulize kama "mgonjwa aliyepona ini" linamfaa zaidi mwenye ini. Hali kadhalika, "dawa za kudhoofisha kinga" lina kasoro: ni sahihi kisayansi, lakini mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa yake kazi yake ni kudhoofisha, ana kila sababu ya kuitupa. "Dawa za kulilinda ini" lingemfaa, mradi aelezwe namna inavyolilinda na gharama yake kwa mwili. Najua baadhi ya wahadhiri wetu watasema huku ni kurembesha. Sioni hivyo. Makali ya virusi yalipunguzwa kwa dawa, na dawa zikamezwa kwa sababu jina lake lilikubalika.

Neno "matokeo" nalo lingefaa kuachiwa Baraza la Mitihani. Kwa kinachotokea baada ya miaka 5, 10 au 20, tunalo neno "hatima", na kwa mwenendo wa kati kati tunalo "mustakabali". Hatima haitangazwi siku ya pili baada ya upasuaji. Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hili kwa njia ndefu. Tangu mwaka 2007 serikali yao ilikuwa ikiviidhinisha tena vituo vya upandikizaji kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, ni wagonjwa wangapi walio hai baada ya mwaka mmoja. Wakosoaji walilalamika kwamba kipimo hicho kiliwafanya madaktari waogope kuwapokea wagonjwa wenye hali ngumu, na mwaka 2019 sharti hilo la kuidhinishwa tena likaondolewa. Hospitali hufanya bidii pale inapohesabiwa, na mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa mtoto wa miaka 3.

Bado kuna suala la hospitali ya mafunzo, na hapa nina neno kwa wanafunzi wenzangu. Jina lenyewe, "hospitali ya mafunzo", hutufanya tumwone mwanafunzi wa udaktari akimfuata profesa wodini. Lakini mwalimu mkubwa wa Pittsburgh alikuwa mgonjwa wa zamani. Mnamo mwaka 1992 Starzl na wenzake waliwaita watu waliokuwa wameishi miaka mingi na viungo vya kupandikizwa, baadhi tangu enzi za Denver, wakawachukua vipande vidogo vya ngozi na sehemu nyingine za mwili. Waligundua chembechembe za mtoaji zilizotoka katika kiungo kilichopandikizwa na kuenea mwilini mwa mpokeaji, zikiishi humo pamoja na zake bila vita. Miongoni mwa watu wa namna hiyo walikuwemo walioacha dawa kwa hiari yao wenyewe, na ini likaendelea kufanya kazi. Hili si ruhusa kwa yeyote kuacha dawa, kwa kuwa wengine walioziacha walilipoteza ini. Ila ugunduzi huo usingewezekana kama hospitali ingemwandikia mgonjwa "amepona" na kulifunga faili. Uliwezekana kwa sababu kulikuwa na karani aliyejua mtu wa mwaka 1970 anaishi wapi, na mtu huyo aliitikia alipoitwa.

Sisi tunazo hospitali za mafunzo na rufaa Nairobi na Eldoret, na figo zimekuwa zikipandikizwa nchini kwa miaka mingi. Kadi anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani huandikwa kwa Kiingereza. Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu chochote inaweza kukaa na wauguzi wa kliniki hizo kwa muhula mmoja ikaandika kadi hiyo upya: dawa gani, saa ngapi, dalili gani zimrudishe hospitalini usiku huo huo, nani apigiwe simu, na mahali pa kutia tarehe ya kila mara anapoonwa. Ingekuwa kazi ya mradi kwa wanafunzi wanne. Juu ya kadi, penye nafasi ya kueleza hali ya mwenyewe, muuguzi angeandika neno moja na tarehe, na mwaka unaofuata angeliandika tena: angali.